SOMO LA KIKUNDI: Maneno Yetu Yanapotoka Kijijini

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni. Anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake pole pole, na kila mnapofika penye swali mweke karatasi chini, mzungumze kwanza. Msiharakishe. Mkimaliza nusu leo, nusu nyingine itangoja mkutano ujao.

Vikundi vingi siku hizi vinataka kuandika. Kina mama wanataka kitabu cha mapishi ya mboga za kienyeji, maanake wasichana wanaolewa bila kujua mrenda hupikwaje wala kunde hukaushwaje. Wazee wanataka historia ya lokesheni iandikwe kabla hawajaisha wale wanaojua mipaka ya zamani na majina ya vijito. Vijana nao wana mashairi na hadithi zao, zote ziko ndani ya simu. Haya yote ni mema. Lakini kuna jambo moja ambalo halizungumzwi mpaka ugomvi uwe umeshaingia: maneno hayo yakishatoka, ni ya nani?

Chukueni mfano huu. Mgeni anafika kijijini, anaelekezwa kwa nyanya mmoja anayejua dawa za miti na hadithi za kale. Nyanya anaeleza saa mbili nzima. Mgeni anarekodi kwa simu, anaacha sukari na majani ya chai, anashukuru sana, anaenda zake. Mwaka unaofuata hadithi zile ziko kitabuni, na jina lililo juu ya jalada ni la mgeni. Nyanya hakuibiwa mbuzi wala jembe. Hakuna kitu kilichopungua nyumbani mwake. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa kama hapo kuna kosa, tunakuna kichwa.

Swali: Kwa maoni yenu, nyanya huyu amepoteza kitu? Ni kitu gani? Angefanya nini kabla hajafungua mdomo?

Mikono ambayo kitabu hupitia

Ili tuelewane, hebu tutazame kwanza kazi ya kitabu jinsi ilivyo. Kuna mwandishi, kuna mchapishaji, kuna mpiga chapa, na kuna muuzaji. Watu huchanganya mchapishaji na mpiga chapa, na hapo ndipo pesa nyingi za vikundi zimepotelea.

Mchapishaji ndiye anayetia pesa zake. Anasoma mswada, anaurekebisha, analipia chapa, anatafuta soko, na hasara ikija ni yake. Mwandishi halipi kitu. Yeye hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya bei kwa kila nakala iliyouzwa, na mara nyingi sehemu hiyo huwa karibu asilimia 10. Mpiga chapa ni fundi tu. Mnampa kazi, anaifanya, mnamlipa, mmeachana. Vitabu vikiliwa na mchwa stoo, hayo si yake.

Basi mtu akija akajiita mchapishaji, halafu akawadai ninyi pesa za kutoa kitabu, jueni anawauzia kazi ya mpiga chapa kwa jina kubwa. Si lazima awe mwizi. Lakini bei yake ilinganishwe na ya mpiga chapa wa kawaida mjini, na haki zote za kitabu zibaki kwenu, kwa sababu pesa ni zenu.

Mchapishaji mkubwa wa Nairobi hatachukua kwa urahisi kitabu cha mapishi cha lokesheni moja. Si dharau. Biashara ya vitabu Kenya kwa sehemu kubwa husimama juu ya vitabu vya shule. Na hata huko mambo yamegeuka. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya shule yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, na maduka mengi ya vitabu mijini yakapoteza biashara iliyokuwa ikiyaweka hai. Kabla ya hapo, sheria ya VAT ya 2013 ilikuwa imeshatia vitabu kodi ya asilimia 16. Kwa hivyo kikundi kinachotaka kitabu chake mara nyingi hujikuta kikiwa mwandishi, mchapishaji na muuzaji kwa wakati mmoja. Inawezekana. Lakini inataka hesabu.

Hesabu

Mweka hazina achukue kalamu. Hii ni hesabu ya mfano tu. Bei za kwenu mtaziuliza wenyewe.

Tuseme mpiga chapa amesema nakala 300 kwa shilingi 200 kila moja. Hiyo ni shilingi 60,000. Mnaamua kuuza kwa shilingi 300. Wanachama wanapiga makofi, kwa maana wanaona faida ya shilingi 100 kwa kila kitabu. Ngojeni kwanza. Mkiuza wenyewe, mkono kwa mkono, itabidi muuze nakala 200 ndipo pesa zenu zirudi. Faida itaanzia nakala ya 201.

Sasa mwenye duka mjini anasema atawauzia, lakini achukue asilimia 30. Hiyo ni shilingi 90 katika kila 300. Kwenu zinarudi shilingi 210. Gawanyeni 60,000 kwa 210: mtahitaji kuuza nakala 286 kabla ya kupata hata senti moja ya faida. Na bado hatujahesabu zile za bure. Moja ya chifu, moja ya padre au pasta, mbili za shule ya msingi, za wageni wa siku ya kuzindua, za jamaa ya mzee aliyesimulia. Zikitoka 20 tu hivyo, zinabaki 280. Mkiziuza zote dukani mtapata shilingi 58,800. Kitabu kimeisha chote, kila mtu anakisifu, na kikundi kimepata hasara ya shilingi 1,200.

Hatusemi haya kuwavunja moyo. Tunasema kwa sababu pesa hizo mara nyingi ni za mzunguko, ni karo ya mtoto wa mtu.

Kuna njia ndogo. Kijitabu cha kurasa 24 za ukubwa wa nusu karatasi kinakula karatasi sita zilizokunjwa katikati, yaani pande 12. Kama fotokopi ni shilingi 5 kwa upande, hiyo ni shilingi 60. Ongezeni karatasi ngumu ya jalada na pini, tuseme shilingi 20. Jumla 80. Nakala 30 zitakula shilingi 2,400 tu, na zikiisha mnatoa nyingine 30. Fotokopi haina sura nzuri kama ya chapa ya mashine, hilo ni kweli, na hakuna waziri atakayekuja kukizindua. Lakini makosa ya toleo la kwanza mtayasahihisha katika toleo la pili, na hakuna mzigo unaolala stoo.

Mkija kuchapa kwa wingi, ombeni namba ya ISBN kwa shirika la maktaba la taifa, KNLS. Namba hiyo ndiyo inayowawezesha wenye maduka na maktaba kukitambua kitabu chenu na kukiagiza.

Swali: Ni nani hasa atakayenunua kitabu chenu? Tajeni majina ya watu 20. Mkishindwa kufika 20, zungumzeni tena kuhusu idadi ya nakala.

Kitabu kinachosomewa watu

Wengine watasema watu wa kijijini hawasomi. Hebu tuangalie yaliyotokea hapa kwetu.

Mwaka 1977, Limuru, wanakijiji wa Kamiriithu walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe uwanja wa maigizo, wakaigiza mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji waliusahihisha lugha: mzee anaongeaje, kijana anamjibuje mkubwa wake, wimbo fulani huimbwaje. Mwezi wa Novemba serikali iliupiga marufuku, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Alikaa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Huko ndiko alikoandika riwaya ya Caitaani Mutharabaini, kwa Kikuyu, juu ya karatasi za choo.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1980. Mchapishaji alipiga nakala 5,000, akitumaini zitaisha kwa miaka mitatu hadi mitano. Ilibidi apige 5,000 nyingine mwezi haujaisha, na 5,000 nyingine tena mwaka huo huo. Na walioisikia walikuwa wengi kuliko walioinunua. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza: jamaa walikusanyika jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Ilisomwa ndani ya matatu. Ilisomwa hata baa, ambako msomaji alikuwa akifika mahali patamu anaweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamjazie glasi. Sisi hatusifu baa. Lakini huyo msomaji alijua thamani ya kazi yake kuliko wengi wetu.

Jambo la kushika hapa ni hili: nakala moja yaweza kuwa na masikio 30. Kikundi chenye nakala 30 na wasomaji 30 wenye sauti kimefikia kijiji kizima. Na ile lugha ya nyumbani haikukizuia kitabu kwenda, ndiyo iliyokipeleka.

Ndipo ikaja simu

Zamani, ili maneno yako yafike mbali ilibidi upite kwa mchapishaji. Akikataa, mswada ulikaa chini ya kitanda. Leo kijana wa kidato cha tatu anaweza kuandika hadithi jioni, na asubuhi imesomwa Lodwar na Lamu. Hili si jambo dogo, na wazee wasilidharau. Mwaka 2002 Mkenya Binyavanga Wainaina alishinda tuzo ya Caine, tuzo kubwa ya hadithi fupi za Kiafrika, kwa hadithi iliyokuwa imetolewa katika jarida la intaneti. Haikuwa kitabuni. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi.

Mfano mwingine unatupendeza zaidi. Mwaka 2016 kikundi cha waandishi vijana kinachoitwa Jalada kilichukua hadithi moja fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kikuyu, kuhusu jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima, mikono na miguu ikishindana. Wakaitoa kwenye intaneti pamoja na tafsiri katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili ikiwamo. Baadaye lugha zikapita 60. Angalieni mwendo wake: haikuanzia Kiingereza ikashuka kwetu. Ilianzia lugha ya nyumbani ikaenea duniani.

Kwa vikundi vyenye watoto wa nasari au darasa la ngumbaru, kuna African Storybook, mradi uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014. Unatoa hadithi za watoto zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika, na Kenya ni moja ya nchi ambazo ulianza nazo. Mwalimu mwenye simu anaweza kuzisoma bure, kuzipiga chapa, kuzitafsiri kwa lugha ya kwao, hata kuandika yake akaiweka hapo. Ni hazina kweli.

Lakini fahamuni masharti yake. Ukiweka hadithi mahali kama hapo, umetoa ruhusa kwa ulimwengu mzima: yeyote aichukue, aigeuze, aichape, mradi ataje jina la aliyeiandika. Mwingine anaweza hata kuiuza. Ruhusa ya namna hii hairudishwi. Kwa hadithi ya sungura na fisi, labda mtasema iende, tena iende na baraka. Kwa wimbo wa jando, au dawa anayoijua nyanya peke yake, mtasema hivyo hivyo?

Na WhatsApp nayo ina mambo yake. Kijana wenu anayejua kutaipu anatengeneza faili ya kitabu, anaituma kwa wanachama "waione kwanza". Kufikia Jumapili iko katika makundi 15, na nyingi ya zile nakala 300 za mpiga chapa hazina mnunuzi tena. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Kama kitabu ni cha kuuza, faili isitoke nje ya watu wawili au watatu mpaka nakala ziuzwe. Na kama mliamua tangu mwanzo kwamba ni cha bure, basi msipige chapa nakala 300. Itumeni kwa simu na mtoe fotokopi chache kwa wasio na simu. Kinachoumiza ni kutaka yote mawili.

Swali: Katika mambo mnayotaka kuandika, ni yapi ya kila mtu, ni yapi ya ukoo au jamii fulani, na ni yapi hayafai kutoka kabisa? (Kina mama na wazee wajadili mbalimbali kwanza, ndipo mkutane. Majibu hayatafanana.)

Sheria inasemaje

Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inalinda maandishi mara tu yanapoandikwa, au sauti inaporekodiwa. Si lazima kuandikisha popote ili haki iwepo, ingawa kuandikisha kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kunasaidia ugomvi ukitokea. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo ni urithi wa watoto kama shamba.

Kuna uchungu mmoja hapa. Sheria hiyo hailindi wazo wala habari yenyewe. Inalinda yale maneno jinsi yalivyopangwa, na inamtambua aliyeyapanga. Mrudieni nyanya wetu wa mwanzo. Yeye alisema, mgeni ndiye aliyeandika na kurekodi. Kwa sheria hiyo peke yake, mgeni ana haki juu ya maandishi yake na rekodi yake, na nyanya anabaki na majani yake ya chai.

Pengo hilo lilionekana. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema kwamba maarifa ya jamii ni ya jamii, na kwamba anayetaka kuyatumia apate kwanza idhini ya wenyewe, wakiwa wameelezwa vizuri ni ya kazi gani. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuweka orodha ya maarifa hayo. Nendeni mkaulize ofisi ya utamaduni ya kaunti yenu orodha hiyo imefikia wapi. Kuuliza si ugomvi.

Na kumbukeni hili pia: kumhamishia mtu hakimiliki yako yote, au kumpa ruhusa ya kuitumia yeye peke yake, ni lazima kuwe kwa maandishi. Lakini ruhusa ndogo ya kawaida yaweza kutolewa kwa mdomo, hata kwa matendo tu. Ukimwambia mtu "chukua tu, si neno", umeshampa kitu. Karatasi nayo isomwe yote kabla ya kidole kutiwa wino. Neno la kutafuta ndani yake ni "haki zote". Mkiliona, simameni, muulize: haki zote za nini, kwa miaka mingapi, na kwa malipo gani?

Mapatano kabla ya kuanza

Kabla mtu hajarekodiwa, kikundi kikae na kuandika mapatano katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Haina haja ya wakili wala lugha ngumu. Ukurasa mmoja unatosha. Aliyesimulia atajwe kwa jina lake kamili, na mahali anapotoka, kama yeye mwenyewe anataka kutajwa. Wengine hawataki, na hiyo ni haki yao. Aliyeandika atajwe, na aliyechora. Iandikwe ni nani anayeshika daftari na rekodi, na akihama au akifariki zinakwenda kwa nani. Iandikwe pesa zikipatikana zitagawanywaje: ngapi kwa msimulizi, ngapi kwa waandishi, ngapi hazina ya kikundi. Msiache hili mpaka pesa zionekane. Watu hupatana upesi wakigawa pesa ambazo bado hazipo.

Msimulizi asomewe yale yaliyoandikwa, kwa lugha yake, kabla hayajaenda kwa mpiga chapa. Akisema "hapa sikusema hivi", pasahihishwe. Akisema "hili litoeni", litolewe bila kumuuliza mara mbili. Kikundi kina haki ya kumwomba. Hakina haki ya kumlazimisha.

Na mgeni akifika na simu yake, msimfukuze. Wengi wanakuja kwa nia njema, na kazi zao zimeokoa mengi ambayo sisi tungeyaacha yapotee. Mwonyesheni ukurasa ule ule. Muulizeni kazi yake itatoka wapi, kwa jina la nani, na kama kijiji kitaletewa nakala. Kisha aandike majibu yake na kutia sahihi mbele ya katibu.

Kazi ya nyumbani

Mwenyekiti agawe wanachama wawili wawili. Kila wawili wamtembelee mtu mmoja mwenye miaka zaidi ya 70 kabla ya mkutano ujao. Wasirekodi kitu. Wamsomee sehemu ya mapatano, wamuulize maswali haya matatu, na walete majibu mkutanoni:

Ni jambo gani unalolijua wewe ambalo hapa kijijini hakuna mwingine analijua?

Ungetaka liandikwe, au liende nawe?

Likiandikwa, nani ashike daftari?